Mashine Isiyo na Mkanda

Carlisle Gittens alikuwa fundi wa cherehani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na duka lilelile, chini ya jengo letu, hatua chache kutoka Barabara ya Prospect, Bronx. Mimi nilipanga chumba juu yake, na kelele za majaribio yake zilinifikia kupitia sakafu: cherehani ikianza, ikisita, ikianza tena, halafu kimya, halafu kikohozi chake. Ukisikia kikohozi baada ya kimya, ujue mashine imepona.

Alitoka Barbados akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, akifuatana na mkewe Una na sanduku la vyuma vya kazi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani miwili: mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia ndani ya mashine. Tai hakuivua, hata Agosti.

Kila mashine iliyoingia dukani alifungia kadi ya kahawia kwa uzi. Kwenye kadi aliandika jina la mwenye mashine, ubovu, na chanzo cha ubovu. Vyanzo kwake vilikuwa vinne tu: imechakaa, imekosa mafuta, imeanguka, imetumiwa vibaya. Mashine yenye kadi ya neno la mwisho haikutengenezwa. Ilirudishwa ilivyo, imefutwa vumbi, na kadi yake inaning'inia mahali pa kuonekana. Mke wa mchungaji wao alirudishiwa cherehani namna hiyo baada ya kulazimisha ngozi ya viti vya kanisa ipite chini ya sindano ya kushonea pamba. Kwa miezi miwili hakumpa Gittens mkono mlangoni pa kanisa.

"Si ungemtengenezea tu, Carlisle," Una alimwambia. "Mama wa watu anaona aibu."

"Mashine nayo inaona."

Na jambo la pili lililojulikana juu yake: hakuna kitu kilichotoka dukani kwake kikiwa kichafu. Hata ukileta mkasi kunolewa, utarudishiwa umesafishwa kwa benzini mpaka kwenye msumari wa katikati.

Mashine za santuri zilianza kuingia dukani kwa sababu ya mikanda. Zile za nyumbani wakati ule zilikuwa na mota ndogo pembeni, na mkanda mwembamba wa mpira uliozungusha sahani ya kuwekea santuri. Mkanda ukilegea, mwimbaji anageuka mlevi. Gittens alikuwa na mikanda ya kila kipimo, kwa hiyo watu walimletea, naye akawafungia.

Katika hao alikuwamo Denise Pettway. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mshonaji wa kola katika kiwanda kimoja cha mashati, na Jumamosi alikuwa dijei. Kaka yake Marvin alipojiunga na jeshi na kupelekwa Ujerumani, alimwachia mashine mbili za santuri, amplifaya, spika mbili zenye ukubwa wa kabati, na zaidi ya hivyo vyote alimwachia uwanja: ule wa saruji wa mpira wa kikapu, nyuma ya shule. Uwanja haukuwa na hati. Ulikuwa wa yule ambaye watu wanacheza kwake. Mpinzani aliruhusiwa kuja na vyombo vyake, akasubiri pembeni na waya mkononi. Watu wakiketi, basi, waya wako unachomolewa, wake unachomekwa, na uwanja ni wake mpaka majani ya miti yaanguke na baridi iingie.

Mwaka ule wa 1978 Denise alikuja na mkanda uliokatika Aprili, akaja na mwingine Mei, na Juni akaja na wa tatu.

"Mkanda tena, Mzee."

"Wa tatu tangu Pasaka," Gittens alisema, akiushika kwa ncha za vidole. Ulikuwa umevutika kama soksi kuukuu. "Binti, hii mashine unaifanya nini?"

"Naipigia muziki."

"Mimi napiga muziki nyumbani tangu mwaka hamsini na sita. Mkanda wangu ni uleule."

"Wewe unapiga kwaya, Mzee. Kwaya haina haraka."

"Nionyeshe."

Denise akaurudisha ule mkanda kwenye mashine aliyoibeba, akaiunganisha na spika ndogo ya dukani, akamwonyesha. Aliweka santuri, akaacha izunguke, halafu akaishika kwa vidole na kuirudisha nyuma huku sindano imo ndani. Spika ikatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Gittens aligeuza uso kama mtu aliyekanyagwa.

"Subiri nikueleze," Denise alisema. "Kwenye wimbo kuna mahali waimbaji wananyamaza, inabaki ngoma tupu. Sekunde kumi hivi. Watu wanangoja hapo tu, Mzee. Wimbo mzima wanajikuna, pakifika hapo wanaruka. Sasa mimi nina santuri mbili za wimbo huohuo. Hii inapiga ngoma, ile nairudisha nyuma. Hii ikiisha, naachia ile. Sekunde kumi zinakuwa dakika tano."

"Na mkanda?"

"Nikiishika, mkanda unateleza. Nikiiachia, sahani inazunguka mara mbili ndipo ishike kasi. Wimbo unapiga mwayo kwanza kama mtu anaamshwa. Hapo ngoma nyingine imeshanipita."

Gittens alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua kadi ya kahawia, akaandika, akaifunga kwenye mashine, na kuisukuma upande wa pili wa meza. Denise akasoma: *Imetumiwa vibaya.*

"Haya, Mzee," alisema, akaibeba na kuondoka.

Katikati ya Julai, Roland Tibbs, aliyeitwa Rollo na kila mtu, alitangaza mbele ya kinyozi kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Agosti atakuja na vyombo vyake kwenye uwanja wa Denise. Rollo alikuwa na spika sita na sauti ya kuuza samaki. Denise alijua kwamba kwa mikanda ile hatadumu hata kwa saa moja. Aliuza koti lake la baridi, akaongeza alivyoongeza, akanunua mashine mbili zilizotoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa mjini. Zilikuwa za Kijapani, nzito kama mawe ya kusagia. Moja ilizunguka. Nyingine haikuzunguka kabisa.

Aliziingiza dukani tarehe tatu, Alhamisi, moja moja kwa sababu ya uzito.

"Sitengenezi," Gittens alisema kabla Denise hajaweka ya pili chini. "Unajua kwa nini."

Denise alifuta jasho. "Naomba nikuulize kitu kimoja, halafu nitaondoka. Cherehani yangu ya kiwandani, mota yake inazunguka toka asubuhi mpaka tunapotoka. Haizimwi. Mimi naanza na kusimama kwa mguu. Kola moja nasimama mara tisa. Siku nzima nasimama na kuanza, nasimama na kuanza, na mota iko palepale inakwenda. Je, naitumia vibaya?"

"Ile ina klachi," Gittens alisema. "Kuna kisahani kati ya mota na cherehani. Ukiachia mguu, kinateleza. Imeundwa hivyo."

"Kumbe."

Gittens akasogeza taa. Alibadilisha miwani. Kisha alisema, "Iweke hapo hiyo isiyozunguka."

Alipoinua sahani akatafuta mkanda, hakuuona. Akatafuta gurudumu, hakuna. Mota pia hakuiona mahali alipoizoea. Kilichokuwapo ni nyaya zilizosukwa kwa duara kuzunguka kijiti cha katikati, na chini ya sahani aliyoishika mkononi, pete nene ya sumaku. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Sahani yenyewe ndiyo mota," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kwao. "Hakuna kitu katikati. Hakuna cha kulegea."

Ubovu ulikuwa waya mmoja ulioachia. Aliuchomelea kwa risasi ya kuyeyusha, akawasha. Sahani ilishika kasi kabla haijamaliza nusu ya mzunguko. Akazima, akawasha. Mara sita nilisikia swichi kutoka juu, nikadhani anachezea taa. Halafu nikasikia kikohozi.

"Ishike sasa," alimwambia Denise.

Denise akaishika santuri. Mkeka mzito wa mpira uliokuwa chini yake uliing'ang'ania, na sahani nzima ikapunguza mwendo.

"Nguvu inayo," Gittens alisema, "lakini imenyimwa klachi. Mpira huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Wewe unahitaji kitu kinachoshika ukiachia, na kuteleza ukishika. Niachie mashine zote mbili. Na santuri zako za kujaribia. Zile zenyewe unazotumia, si za kwaya."

Alimwachia santuri kumi na mbili, jozi sita. Karatasi za katikati, zenye jina la wimbo na mwimbaji, hazikuwapo. Madijei wote pale walizibandua kwa maji ya moto kwenye sinki, ili mtu wa kundi jingine asichungulie na kujua wimbo umetoka wapi. Denise alikuwa amebandika duara la karatasi nyeupe badala yake, na juu ya kila duara alichora mistari kwa penseli ya nta. Hakumweleza Gittens mistari hiyo ni ya nini. Kwa madijei hilo halikuhitaji kuelezwa, kama mtu asivyoeleza vifungo vya shati.

Wiki ile Gittens alijaribu kizibo kilichokatwa chembamba, kama cha klachi ya kiwandani. Kiling'ata mno. Akajaribu hariri ya bitana, ikateleza hata santuri ilipoachiwa. Mwishowe aligeuza cherehani kuukuu ya kiwanda na kutoa ndani ya trei yake ya mafuta kitambaa kinene cha sufu, kama cha kofia, ambacho hakikuwa kimeguswa na mafuta. Alikikata duara, akakitoboa katikati, na chini yake akaweka karatasi ya nta, ile ambayo Una alifungia mikate. Aliishika santuri kwa kidole kimoja. Santuri ikasimama. Chini yake sahani iliendelea kuzunguka bila kujua kwamba imeshikwa.

Una alishuka na chai akamkuta ameinama.

"Carlisle, karatasi yangu ya mikate iko wapi?"

"Inafanya kazi."

Siku ya Ijumaa alasiri kazi ilikwisha. Alifuta mashine zote mbili kwa benzini, akafuta mikono yake ya kushikilia sindano, akafuta na nyaya. Halafu akatazama santuri. Zilikuwa safi isipokuwa yale maduara meupe, ambayo mtu alikuwa ameyachafua kwa penseli. Alimimina benzini kwenye kitambaa, akaanza kusugua taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka maduara yote kumi na mawili yakawa meupe kama mashati ya ubatizo.

Jumamosi saa tisa mchana waya ulishuka kutoka dirisha la ghorofa ya pili la jengo la jirani, ukavuka uzio, ukaingia uwanjani. Watu walijaa. Rollo alikuwa amepanga spika zake sita ukutani na kuketi juu ya mojawapo, waya umekunjwa mapajani. Gittens alikuja na tai yake, Una pembeni amebeba sinia la mikate ya samaki iliyofunikwa. Kabla ya siku ile hawakuwahi kukanyaga pale.

Denise alianza na wimbo mrefu wa kuamsha miguu, wa zaidi ya dakika nane, aliokuja nao kutoka nyumbani. Watu wakaingia katikati. Kisha akainama kwenye kasha la santuri, alilolichukua dukani asubuhi bila kulifungua, kutoa jozi ya kwanza. Akaitoa santuri kwenye mfuko wake. Akatoa ya pili. Akatoa zote.

"Nani amegusa santuri zangu?"

Gittens alisogea, akitarajia shukrani. "Nimezisafisha. Zilikuwa na mistari mistari."

Denise alimtazama. "Mzee," alisema polepole, "mistari ile ndiyo iliyokuwa inanionyesha ngoma inaanzia wapi. Kila santuri. Nilizichora mwaka mzima."

Gittens akavua miwani. Nilikuwa karibu, nami sijawahi kumwona mtu akivua miwani kwa unyonge namna ile.

"Vipi, dada!" Rollo alipaza sauti. "Unaandikiana barua na babu? Rudi kiwandani ukashone kola, mimi waya wangu uko tayari!"

"Subiri zamu yako, Rollo, spika zako hazikimbii," mwanamke mmoja akamjibu, na watu wakacheka. Lakini wengine wawili walikuwa wameshaketi kwenye ukingo wa saruji. Wimbo ulikuwa umebakiza dakika sita, labda pungufu.

"Nitazitafuta kwa sikio," Denise alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Lakini kwenye wimbo mzima nitaanzia wapi? Sitawahi."

Gittens alivaa miwani yake ya kutazamia ndani ya mashine. Alichukua santuri ya kwanza, akaiinamisha kuelekea jua, akaigeuza kidogo.

"Ngoma tupu, hakuna waimbaji wala tarumbeta?"

"Ndiyo."

"Basi mifereji yake haitafanana na mingine." Aliigeuza tena. Kulikuwa na utepe mwembamba, mweusi zaidi ya sehemu nyingine. "Hapa. Theluthi mbili kutoka ukingoni. Weka sindano hapa."

Denise akaweka sindano, akakandamiza hedifoni sikioni. Akaisogeza santuri mbele, akairudisha, mbele, nyuma, kama anayetafuta tundu la ufunguo. Sahani ilizunguka chini ya kitambaa bila kusita.

"Hapa!" akasema.

Gittens tayari alikuwa ametoa chaki ya ushonaji mfukoni mwa shati. Akachora mstari mmoja mwembamba juu ya duara jeupe, umenyooka kuelekea kwenye sindano, kama anapima suruali.

"Lete ya pili."

Hapo mashine moja ilikuwa inapiga wimbo, na moja tu ndiyo ya kutafutia. Walifanya kwa zamu: Gittens jua na chaki, Denise sikio na vidole. Una alishikilia santuri zilizokwisha, ameziegemeza kwenye sinia. Waliwahi jozi mbili. Ya tatu ilikuwa na mstari kwenye santuri moja tu wimbo mrefu ulipoanza kufifia.

"Zinatosha," Denise alisema. "Toka hapo, Mzee, nipate mkono."

Mara ya kwanza alipoachia, alichelewa kidogo, na ngoma mbili zikagongana kama watu wawili mlangoni. Rollo akasimama na waya wake. Mara ya pili ngoma iliingia mahali pake. Ya tatu iliingia mahali pake. Alirudisha hii, akaachia ile, mstari wa chaki ukipita chini ya macho yake, na zile sekunde kumi zikaendelea, zikaendelea, mpaka wale wawili wa kwenye ukingo wakainuka na vumbi la saruji kwenye suruali. Alipoacha santuri moja ijipigie, alitafuta nyingine kwa hedifoni kwenye mashine ya pili, na Gittens aliyekuwa ameambiwa atoke alirudi na chaki yake bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa natazama watu. Gittens hakuwatazama. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa sahani, ambapo palikuwa na vitone vyeupe vilivyomulikwa na kitaa kidogo chekundu. Kasi ikiwa sawa, vitone huonekana vimesimama. Denise alishika, akarudisha, akaachia, akashika, na vitone havikutikisika.

"Haidhuriki," alimwambia Una.

"Nini?"

"Hata kidogo. Anaishika hivyo na haidhuriki."

"Carlisle, cheza," Una alisema. Yeye mwenyewe alikuwa anacheza tayari, sinia mkononi.

Kufikia saa kumi na mbili hakuna aliyeketi. Rollo alikunja waya wake vizuri, kama mtu anayetarajia kuutumia siku nyingine, akaja mpaka mezani. Aliangalia kitambaa cha sufu, akakigusa kwa kidole.

"Nani kakutengenezea hivi?"

"Muulize mwenye tai," Denise alisema bila kuinua kichwa.

Rollo akamgeukia Gittens. "Mzee, nikileta zangu Jumatatu?"

"Zina mkanda?"

"Zinao."

"Basi usilete."

Denise alicheka mpaka akakosa kuachia santuri kwa wakati, na hilo ndilo kosa pekee watu walilolipigia makofi.

Jumatatu, baada ya kazi, Denise alishuka dukani na mashine yake ya zamani. Kadi ya kahawia bado ilikuwa inaning'inia. Alisema anataka kumpa Una, kwa ajili ya nyimbo za kwaya, ikifungiwa mkanda mpya.

Gittens aliipokea. Alisoma kadi aliyoiandika mwenyewe mwezi Juni. Alichukua rula, akapitisha mstari juu ya yale maneno mawili, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mdogo: *Mkanda haukuundwa kwa kazi hii.* Kwa ninavyojua, hicho kilikuwa chanzo cha tano, na hakikutumika tena.

"Kuhusu ile mistari," alianza.

"Ya chaki ni mizuri zaidi," Denise alisema. "Inaonekana kutoka mbali. Ila inafutika ukiigusa."

"Nitakutafutia rangi."

Akafungua mkanda mpya kwenye karatasi yake. Kabla ya kuufunga alinyoosha mkono kuchukua chupa ya benzini afute kijiti cha mota, na Denise akaona kwamba kwenye chupa ile palikuwa pamebandikwa karatasi nyeupe ya duara, imekatwa vizuri, yenye maneno mawili: *Uliza kwanza.*

"Hii nifute?" Gittens akauliza.

"Futa, Mzee," Denise akasema.